Kuzitafuta Nyota kwa Darubini

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa makarani mbele ya mkutano wa wanachama, Arusha)



Najua ya kuwa saa za mkutano ni chache, na ya kuwa mambo ya mfuko wa rambirambi hayajaisha. Lakini neno langu linauhusu mfuko huo vilevile. Katika mkutano uliopita bwana mmoja alitoa shauri ya kwamba darubini ya chama iuzwe, na fedha zake zitiwe katika mfuko wa rambirambi. Alisema, na wengi wakacheka, ya kuwa chombo kile hakijapata kutuonyesha kitu ila giza. Mimi ndimi niliyeshauri kinunuliwe, na ufunguo wa kabati lake uko mfukoni mwangu. Kwa hiyo sina budi kujibu.

Kwanza nakiri ya kuwa bwana yule alisema kweli. Usiku wa kwanza tulipokusanyika katika ua wa ukumbi wetu, watu 30 na zaidi, pamoja na wake zetu na watoto, walisimama safu kwa muda wa saa mbili. Kila aliyechungulia aliona giza, au aliona kope zake mwenyewe. Usiku wa pili ulikuwa kama wa kwanza, ila watu walikuwa 12. Usiku wa tatu tulikuwa mimi na mlinzi. Tangu hapo darubini imelala kabatini, na mimi nimekuwa nikipita mbele ya kabati lile kama mtu apitaye mbele ya duka la anayemdai.

Basi nilianza kuchunguza kosa liko wapi. Nimeona ya kuwa halikuwa katika chombo. Lilikuwa katika sisi tulioshika chombo, na hasa mimi. Makosa yalikuwa manne, nami nitayataja moja moja, ili mtu mwingine asiyarudie.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani ya kuwa kazi ya darubini ni kukuza. Juu ya sanduku lake imeandikwa kwa herufi kubwa ya kuwa hukuza mara 675, nasi tulifurahi kama tulivyofurahi wakati wa kulipa. Lakini kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya nuru. Mboni ya jicho la mtu ikiwa gizani hufunguka kadiri ya milimita 7. Kioo kikubwa cha darubini yetu kina upana wa milimita 114, na kwa eneo lake hukusanya nuru zaidi ya mara 250 kuliko jicho. Hiyo ndiyo mali yetu. Kukuza ni kazi ya kile kioo kidogo cha kuchungulia, na hesabu yake ni rahisi. Nuru katika chombo chetu husafiri milimita 900 hata kukutana mahali pamoja. Gawanya 900 kwa namba iliyoandikwa juu ya kioo kidogo. Chenye namba 25 hukuza mara 36, na chenye namba 10 hukuza mara 90. Ama zile mara 675, ni maneno ya mfanyabiashara; kioo cha kadiri hii hakifai kupita mara 230 au karibu yake, maana ukizidisha hapo huoni ila ukungu mkubwa.

Sisi tulianza na kile chenye nguvu. Kwa kukuza mara 90, sehemu ya mbingu ionekanayo ni kama upana wa mwezi mpevu mmoja tu. Kutafuta kitu kwa njia hiyo ni kama kutafuta barua moja katika chumba cha majalada kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Tena mbingu haisimami. Dunia yazunguka, na nyota ipitayo juu ya ikweta huvuka upana ule wa mwezi kwa dakika 2. Hata kama ningalibahatika kumwonyesha nyota mtu wa kwanza katika safu, yule wa tatu angalikuta imekwisha kwenda zake. Basi kanuni ni hii: tafuta kwa kioo chenye nguvu ndogo, na ukiisha kupata, ndipo ubadili.

Kosa la pili ni ile darubini ndogo iliyofungwa ubavuni mwa ile kubwa. Hiyo ndiyo kiongozi. Huonyesha sehemu kubwa ya mbingu, na ndani yake mna msalaba wa kulengea. Lakini kiongozi asiyetazama mahali pamoja na bwana wake humpoteza. Yapasa kuzilinganisha mbili hizo wakati wa mchana. Weka katika darubini kubwa kitu kilicho mbali, kwa mfano jiwe moja la ukingo wa Mlima Meru, au ncha ya mnara. Kisha kaza na kulegeza skrubu za ile ndogo hata msalaba wake ukae juu ya kitu kile kile. Ni kazi ya dakika 10, wala hatukuifanya. Na hapa nasema neno moja kwa ajili ya watoto wetu: kamwe, kamwe mtu asielekeze darubini kwenye jua wala karibu ya jua. Jicho huungua kwa nukta moja, wala halirudi. Chombo kikiwa nje mchana, pasikose mtu mzima wa kukilinda.

Kosa la tatu lilikuwa taa. Katika ua wetu mna taa ya umeme juu ya mlango, na kila mtu alikuwa na simu inayong'aa mkononi. Jicho huhitaji dakika 20 hata 30 za giza kabla ya kuwa tayari, na nuru moja kali hulirudisha nyuma lote. Anayehitaji kusoma ramani ya nyota na atumie taa iliyofunikwa kitambaa chekundu, kwa sababu nuru nyekundu hailisumbui sana. Tena, ukitafuta kitu chenye nuru hafifu, usikikodolee macho. Tazama pembeni yake kidogo, nacho kitajitokeza. Sehemu ya kando ya jicho huona gizani vizuri kuliko sehemu ya katikati, ndivyo tulivyoumbwa.

Kosa la nne ni kubwa kuliko yote, nalo ni langu peke yangu. Nilikuwa siijui mbingu. Hili nililitambua Ng'iresi, katika mwezi wa Januari.

Mwenzetu mmoja wa idara yangu, ambaye kwao ni huko Ng'iresi kwenye mteremko wa Meru, alinihurumia, akanialika kwao pamoja na chombo changu cha aibu. Tulikiweka nje ya boma, nami nikafungua ramani yangu, nikaigeuza juu chini, na chini juu. Baba yake, mzee aliyepita miaka 80, alitoka na mkongojo wake. Tukamwamkia, Shikamoo mzee. Akaitikia, akauliza kwa Kiarusha tunatafuta nini. Mwanawe akamwambia, twatafuta Kilimia, ile ambayo Wamasai na Waarusha huiita Ng'okwa. Mzee hakutazama karatasi yangu. Aliinua mkongojo wake, akasema, “Si hiyo hapo?”

Mabwana, macho ya mzee yule yamepungua nuru. Mwanawe aliniambia ya kuwa siku nyingi hawezi kuzihesabu nyota zile. Lakini alijua mahali pake kwa saa ya usiku na kwa umbo la mlima. Nami niliyekwenda shule ya misheni hata darasa la juu, nikafaulu mtihani wa jiografia, nilikuwa nimesimama na chombo cha fedha nyingi nikitazama upande mwingine.

Nililenga kwa ile darubini ndogo penye ncha ya mkongojo, nikaiona, kisha nikampisha mzee. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani ameona giza kama sisi. Kisha akasema maneno ambayo mwanawe alinifasiria hivi: “Baba yangu alinifundisha kuhesabu sita. Kumbe ni kundi zima la ng'ombe.” Akarudi kuchungulia mara ya pili, na mara ya tatu.

Tangu usiku ule nilishika njia nyingine, nayo ndiyo niliyokuja kuwaeleza: kutoka kwenye kitu unachokijua kwenda kwenye kitu usichokijua, hatua kwa hatua, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe.

Tuanze na nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja, ambazo kila mtoto amepata kuziona. Katika Januari, baada ya saa 3 usiku, huwa juu yetu karibu ya utosi. Ni mshipi wa kundi liitwalo Orioni, ambalo Waarabu hulitaja kwa jina la Jabari, yaani mtu mwenye nguvu. Fuata mstari wa nyota tatu hizo upande wa kusini-mashariki, utaifikia Sirius, nyota ing'aayo kupita zote za usiku. Fuata mstari huo huo upande wa pili, kaskazini-magharibi, utaikuta nyota nyekundunyekundu, Aldebarani. Jina hilo ni la Kiarabu, na maana yake ni afuataye. Afuata nini? Endelea mbele kidogo, utaona: yafuata Kilimia. Waliotoa jina hilo walikuwa wakitafuta kama sisi, na jina lenyewe ni kibao cha njia.

Sasa rudi kwenye mshipi. Kando yake, upande wa kusini, zaning'inia nyota chache hafifu mfano wa upanga. Ya katikati si nyota kamili. Ukiilenga kwa kioo namba 25 utaona wingu la nuru lenye mabawa, na ndani yake nyota nne ndogo zilizokaribiana sana. Ni wingu la hewa na vumbi ambamo nyota mpya huzaliwa, nalo li mbali nasi kadiri ya safari ya nuru ya miaka 1,350. Wanachama watatu wamekwisha kuliona kwa macho yao wenyewe, nao wapo humu ukumbini; waulizeni.

Ikiwa mtu aona ya kuwa mambo haya ni magumu kwa karani, mimi nasema hakuna aliye tayari kuyafahamu kuliko karani. Wataalamu wameipanga mbingu kama sisi tupangavyo chumba cha majalada. Kwa kuizunguka, toka magharibi kwenda mashariki, wameigawa sehemu 24 ziitwazo saa. Na toka mstari ulio juu ya ikweta ya dunia, wamehesabu digrii 90 kwenda kaskazini na 90 kwenda kusini. Kila kitu kina namba mbili, kama namba ya kabati na namba ya rafu. Kilimia iko saa 3 na dakika 47, digrii 24 kaskazini. Lile wingu la Orioni liko saa 5 na dakika 35, digrii 5 kusini. Kupima ni kwa mkono: ngumi ukiinyosha mbele yako yafunika kama digrii 10, na kidole kidogo digrii 1. Tofauti na ofisini ni moja tu, ya kwamba chumba chenyewe chazunguka. Kila siku nyota huwahi kwa dakika 4, ambazo kwa mwezi ni saa 2. Kilichokuwa utosini saa 4 usiku katikati ya Januari, katikati ya Februari kitakuwa pale pale saa 2 usiku. Ajuaye hayo hatatafuta jalada mahali ambapo halijafika.

Tena Mungu ametuweka mahali pazuri. Arusha i karibu digrii 3 na nusu kusini ya ikweta, kwa hiyo katika mwaka mmoja karibu mbingu yote hupita mbele yetu. Mtu wa London hataona kamwe Msalaba wa Kusini akiwa kwao, na mtu wa Cape Town haoni nyota zote saba za Dubu Mkubwa. Sisi twaona vyote viwili. Nyota ya kaskazini, ambayo mabaharia wa pwani huiita jaa, haionekani kwetu, maana imezama chini ya upeo. Na hata isingalizama, Mlima Meru ungaliificha, kwa kuwa ukiwa mjini mlima huo hufunika mbingu ya kaskazini kwa kadiri ya ngumi moja na zaidi. Lakini upande wa kusini tunayo Suheli, nyota ya pili kwa mng'ao baada ya Sirius, ambayo mabaharia wetu waliiheshimu hata jina lake likawa jina la kusini yenyewe.

Mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni, mawingu ya masika yaanzapo kupungua, Msalaba husimama kusini saa za jioni, na kushoto kwake nyota mbili kubwa. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba huitwa Alfa Sentauri. Kwa jicho ni moja, kwa darubini ni mbili, na nuru yake hutufikia kwa miaka 4 na zaidi kidogo. Toka ile ya pili, Beta, piga mstari kwenda juu hata Epsiloni Sentauri, kisha endelea kwa urefu huo huo. Utakuta kitu kama pamba iliyochambuliwa. Hiyo ni Omega Sentauri, mkusanyiko wa nyota kama milioni 10, mbali kwa safari ya nuru ya miaka 17,000 hivi. Watu wa Ulaya ya kaskazini hulipa nauli kuja kuiona. Sisi yatupasa kutoka nje tu.

Najua yupo atakayesema ya kuwa chombo chetu ni kidogo. Galileo, usiku wa tarehe 7 Januari 1610, alikuwa na darubini iliyokuza kama mara 20, na vioo vyake vilikuwa duni kuliko vyetu. Aliona nyota ndogo tatu karibu ya sayari ya Mushtarii, akaziandika. Usiku wa pili akazikuta zimehama. Aliendelea kuandika kila usiku, hata akajua ya kuwa ni miezi minne iizungukayo sayari ile. Twaweza kuiona miezi hiyo hapa Arusha kwa kioo namba 25. Na Mfaransa mmoja, Nicolas-Louis de Lacaille, alikuja katika Afrika yetu, huko Cape, akapima mahali pa nyota karibu 10,000 katika miaka ya 1751 na 1752. Darubini yake ilikuwa na upana wa milimita 13 au karibu yake, yaani kama ukucha wa kidole gumba. Hakuwa na chombo kikubwa. Alikuwa na daftari, na hakukosa kuamka.

Sasa narudi kwenye shauri lililo mbele yetu. Sitaki kuudharau mfuko wa rambirambi. Mwaka juzi ulinizika mama yangu, nami sitasahau. Mwenye msiba hashibi nyota, na kama mkutano ukiamua kuuza, nitautoa ufunguo bila kinyongo. Lakini nawaomba mfikiri jambo moja. Usiku ule wa tatu, nilipokuwa nikikunja miguu ya darubini, binti yangu wa miaka 9 aliniuliza, “Baba, mbona mmechoka kabla ya kuona?” Sikuwa na jibu. Sisi ndio tuwaambiao watoto kila jioni ya kuwa hesabu ngumu hurudiwa mara ya pili na ya tatu. Tukiuza chombo hiki kwa sababu kina kasoro, tutakuwa tumefanya biashara. Tukikiuza kwa sababu sisi hatukujifunza kukitumia, watoto watakuwa wamejifunza jambo ambalo hatukukusudia kuwafundisha.

Kwa hiyo naomba miezi mitatu, kwa masharti haya. Kwanza, tutatoka Jumamosi iliyo karibu na mwezi mwandamo, maana mwezi mpevu huzima vitu vyote hafifu. Pili, watu wasizidi 6 kwa usiku mmoja, wala pasiwe na simu. Kwa nyota za utosini na za kaskazini tutakwenda Ng'iresi. Kwa zile za kusini tutakwenda ng'ambo ya Ngaramtoni, tuziache taa za mji upande wa mashariki. Tatu, patakuwa na daftari. Kila usiku yataandikwa tarehe, saa, kitu kilichotafutwa, njia tuliyoifuata toka nyota gani hata nyota gani, kioo kilichotumika, na jina la kila aliyeona. Na tusipoona, itaandikwa, Hatukuona. Nne, mzee wa Ng'iresi amekubali kuwa mwalimu wetu wa Kilimia, na malipo anayoyataka ni kuchungulia kwanza.

Mwisho wa miezi mitatu nitaliweka daftari hilo juu ya meza ya Bwana Katibu. Mkilikuta tupu, nitaichukua darubini mimi mwenyewe hata kwa mnunuzi, na nauli nitalipa mimi. Na bwana yule aliyetoa shauri ya kuuza, namwomba awe mtu wa kwanza katika wale 6. Apendaye ukweli kiasi cha kusema mbele ya mkutano ya kuwa ameona giza, huyo ndiye nitakayemwamini atakaposema ya kuwa ameona nyota.

Nimekwisha.